Pwani Isiyo na Mtu

Nilikwenda dukani kununua mkate, sikwenda kutafuta mtu wa kuua. Bango lilikuwa limebandikwa upande wa ndani wa kioo cha mlango, maana ukibandika kitu nje hapa Luderitz, pwani ya Namibia, upepo unakichana kabla hujageuka. Lilikuwa na picha nyeusi na nyeupe ya ufuko ulioonwa kutoka juu: mchanga mweupe, povu jeupe, bahari nyeusi tii, na katikati mbavu za chuma za meli iliyokufa zamani. Juu ya picha waliandika kwa herufi kubwa PWANI ISIYO NA MTU. Chini yake alikuwapo mzee wa Kijerumani mwenye ndevu, amesimama kando ya ndege yake ndogo, anacheka. Ubavuni mwa ndege palichorwa kichwa cha mwari, yule ndege wa majini mwenye mdomo mrefu, mdomo wazi.

"Naomba hili bango," nikamwambia muuza mikate.

"Maonyesho ya picha ni kesho, dada Magrieta. Kesho jioni ukilitaka ufunikie meza, chukua."

Nikalibandua hapo hapo, kona moja ikabaki kwenye kioo. Akasema neno juu ya mama yangu, nikamrudishia neno juu ya mama yake, nikatoka bila mkate. Mwari yule nilikuwa sijawahi kumwona, lakini nilikuwa nimesimuliwa habari zake kila siku tangu nilipobaki mjane.

Mume wangu alikuwa Timoteus Boois, na mdogo wake ni Isaskar. Wote wawili walikuwa wavuvi wa kambakochi. Siku waliyopotea, injini ya mashua yao ilizimika nje ya mwamba, ukungu ukawafunika, na mkondo ukawachukua kaskazini, kule milima ya mchanga inakoishia ndani ya maji na hakuna barabara, hakuna kisima, hakuna hata mbwa wa kukubwekea. Wimbi liliipasua mashua mbele ya ile meli ya chuma. Walitoka hai, na walichookoa ni rungu la kuulia sili, wale wanyama wa baharini wenye manyoya, na vitu vichache vya kujifunika. Asubuhi walikuwa wakiramba ukungu uliogandamana kwenye kutu za meli. Walikuwa bado na nguvu, na walikuwa wamekubaliana kwamba kesho yake watashika ufuko waelekee kusini, nyumbani.

Jioni ile, jua likiwa limeinama juu ya bahari, wakaisikia ndege. Ilipita chini sana hata Isaskar akamwona mwari. Timo akasimama akapunga mikono yote miwili. Isaskar akatandaza turubai jekundu mchangani, akalipigia magoti upepo usilibebe. Wote wawili walikuwa wamevaa makoti ya mpira ya rangi ya machungwa, yale ambayo mvuvi akianguka majini hata mwenye chongo anamwona. Ndege ikazunguka, ikazunguka tena, rubani akiwatazama kupitia miwani yake kubwa. Kisha ikainamisha bawa upande wao, ikaenda zake.

Kwetu jambo hilo halina maana mbili. Rubani akikuinamishia bawa anakwambia: nimekuona, usiondoke hapo, nakwenda kuita watu. Hata watoto wa shule wanajua. Basi Timo na Isaskar wakakumbatiana, wakacheka, wakakaa pale pale. Wakasubiri, na nguvu za kutembea zikawaishia wakiwa wamekaa.

Kiu ilipowazidi, Timo akachukua rungu akaenda kwa sili waliolala miambani, apate hata damu ya kunywa. Ulikuwa msimu wa madume kugombania majike. Dume moja likamgeukia, likamkamata paja, likamtikisa kama mbwa anavyotikisa gunia. Isaskar aliliokota rungu akalipiga lile dume mpaka jicho likatoka nje, akalipiga tena lilipokwisha kufa. Damu ya mnyama na damu ya mume wangu zikatuama pamoja kwenye shimo la jiwe, na shemeji yangu akainama akanywa, kwa sababu asingekunywa angekufa naye. Timo alikata roho kabla ya giza. Fisi wa pwani wakaja kwa harufu. Isaskar alisimama juu ya maiti ya kaka yake akapigana nao, akawavunja meno na miguu, wakarudi, akawapiga, wakarudi, mpaka mikono ikakataa kuinuka. Akaenda akakaa pembeni, akawasikiliza.

Walinzi wa eneo la almasi ndio waliomwokota, anatambaa. Walimvua nguo kwanza, wakamchungulia kila tundu kuona kama amemeza mawe yao, ndipo wakampa maji.

Sisi nyumbani tulizika viatu vya Timo vya kanisani, kwa kuwa hapakuwa na kingine cha kuzika. Isaskar akawa halali, hali, haendi baharini. Alikuwa akizunguka viwanja vya ndege akitafuta mwari. Wapo wanawake ambao wangemtuliza. Mimi nilimpulizia kama moto wa jikoni. Kila asubuhi kabla sijaenda kiwandani kukata mikia ya kambakochi nilimuuliza, "Umempata?" Akisema bado, nilimwambia, "Basi mwanamume ndani ya nyumba hii alikuwa mmoja, naye ameliwa."

Sasa nikamwekea bango mezani. Isaskar akaweka kidole juu ya mwari.

"Ndiye?" nikauliza.

"Ndiye. Na hapa ndipo tulipokuwa. Meli hii. Timo alisimama hapa, mimi hapa." Aligusa mchanga mweupe mtupu. "Mbona hatumo?"

"Amewafuta. Watu wa picha wana dawa zao. Amewaacha mfe, halafu akawafuta, halafu akaandika juu yenu kwamba hakuna mtu."

Mama mkwe alikuwa ameketi karibu na jiko. Macho yake yamefunikwa na mtoto wa jicho, lakini masikio yake yangeweza kusikia samaki akipiga mwayo.

"Mnanong'ona nini?"

"Bei ya mkate, mama."

"Mwongo wewe. Isaskar, rungu lako liko wapi?"

"Liko mahali pake, mama."

"Lifike mahali pake likae. Magrieta, nisikilize. Nilizaa wana wawili. Bahari imenilia mmoja. Huyu aliyebaki ukinipelekea jela au kaburini kwa ulimi wako, usirudi ndani ya nyumba hii hata kuchukua nguo zako."

"Nimekusikia, mama."

"Kusikia unasikia. Hata mwamba unasikia mawimbi."

Kesho yake, kengele ya chakula cha mchana ilipolia kiwandani, nilitoka na sare yangu ya kazi kama nilivyo, nikamkuta Isaskar nyuma ya kanisa. Alikuwa amevaa koti refu la marehemu baba yao, rungu limelala ndani kando ya mbavu. Saa hiyo mji mzima uko mezani. Mlangoni mwa ukumbi wa maonyesho, mama mwenye funguo alikuwa anatoka kwenda kula. Alitutazama kama tunavyotazamwa siku zote, kwa kuhesabu viatu vyetu, akapita.

Sikwenda kumzuia shemeji yangu, niseme wazi. Nilikwenda nione. Nilitaka mzee yule akiri kwa mdomo wake kwamba aliwaona, kisha apigwe, na nilitaka niwe karibu kiasi cha kusikia.

"Karibuni, karibuni! Fungeni mlango, upepo huu utanivunjia vioo!" Alikuwa peke yake. Jina lake Lossow, mtu mpana, shati jeupe limepigwa pasi, sauti ya mtu anayeishi na injini. "Kahawa ile pale. Keki mke wangu ameoka, malizeni tafadhali, nikirudi nayo nyumbani nitasemwa."

Nilikuwa nimejiandaa kukutana na shetani. Huyu alikuwa na makombo kwenye ndevu. Nikafunga mlango, nikasukuma komeo taratibu.

Kuta zilijaa pwani yetu, yote nyeusi na nyeupe: midomo ya mito isiyo na maji, makundi ya sili kama pilipili manga iliyomwagika, milima ya mchanga yenye upande mmoja mweupe na mmoja mweusi kama imekatwa kwa kisu. Nilikasirika zaidi kuona kwamba zilikuwa nzuri.

"Unapiga picha na nani?" nikamuuliza. "Nani anaiendesha ndege?"

"Mwenyewe! Goti kwenye usukani, mikono kwenye kamera. Mke wangu anasema siku moja watanikusanya kwa koleo." Akacheka. "Huyu bwana mbona amesimama mlangoni? Njoo, kaka, hazing'ati."

Macho ya Isaskar yalikuwa yamefika ukuta wa mwisho, kwenye ile picha ya bango, sasa ikiwa na upana wa kitanda. Lossow akatuongoza mpaka pale kama mtu anayetambulisha bintiye.

"Hii ndiyo mama yao wote. Nimelingoja jua hili miaka. Rangi ni kelele tu, mama. Ukiiondoa rangi, ndipo pwani inasema ukweli."

Nikasogea mpaka pua ikaribie kioo. Meli ilikuwepo. Mawimbi yalikuwepo, kila povu. Mbele ya meli, juu ya mchanga, palikuwa na mistari miwili myeusi, mmoja mrefu kama kidole changu na mwingine mfupi.

"Na hivi vitu?"

"Aa! Una jicho wewe! Watu wote wanavipita. Mbavu za nyangumi, pwani ile imejaa mifupa. Lakini ziondoe hizo mbili uone, picha nzima inalala. Hizo ndizo zinazoibeba."

Pigo la kwanza lilimkuta bado anatabasamu. Rungu la sili limetengenezwa kupasua fuvu mara moja. Isaskar alichagua bega, kwa sababu hakutaka mambo yaishe upesi. Nilisikia mfupa. Mzee akaenda chini na meza ya kahawa, vikombe vikalia, keki ikakanyagwa. Isaskar akampiga mgongoni, akampiga mkono aliouinua kujikinga, akampiga teke la mdomo. Damu ikaruka mpaka kwenye picha ya mto. Lossow akatambaa chini ya meza kama mtoto anayejificha, na shemeji yangu akaishika meza kwa mkono mmoja akaitupa.

"Ulituona!" ndilo neno lake la kwanza. "Ulizunguka mara mbili! Uliinamisha bawa!"

"Bawa gani? Nani wewe?"

"Uliinamisha bawa, tukakaa! Kaka yangu alikaa kwa sababu yako!"

"Nilikuwa nageuka!" Meno mawili yalikuwa yametoka, maneno yanavuja. "Bawa lazima lishuke, lisiposhuka linaziba kamera! Hakukuwa na mtu! Naapa kwa wanangu, pale hakukuwa na mtu!"

Isaskar akapanua miguu, akashika rungu kwa mikono miwili, akalipeleka juu. Pigo hilo nalijua. Limeua sili elfu.

Ningelisubiri, na ningelifurahia. Lakini yule mzee alipoapa kwa wanawe, macho yangu yalirudi kwenye picha yenyewe, nione alivyowafuta, nimtemee mate na ushahidi mkononi. Na ubavu wa nyangumi hauna mikono.

"Isaskar, ngoja."

"Nikimaliza."

"Ngoja nakwambia! Njoo hapa, pumbavu wewe! Timo yuko hapa!"

Akaja, rungu likidondosha damu. Tukatazama pamoja. Mstari mrefu ulikuwa na miguu miwili iliyoachana, kiwiliwili, na mikono miwili iliyonyooshwa juu. Ule mfupi ulikuwa umejikunja, mtu aliyepiga magoti. Vilikuwa vivuli, vimelala kuelekea milima ya mchanga, maana jua lilikuwa upande wa bahari. Na pale vinapoanzia, pale penye miguu, hapakuwa na kitu. Mchanga mtupu mweupe. Kivuli cha mume wangu kilikuwa kinapunga mikono, na mume wangu hayupo.

Nililia kwa sauti, mbele ya adui yangu, na sikujali.

"Ametufuta sisi akasahau vivuli," Isaskar akasema polepole. Akageuka. "Sasa nakuua vizuri."

Lakini Lossow alikuwa anatambaa kuja kwetu. Jicho moja lilikuwa limezibika. Alijivuta kwa kiwiko kimoja mpaka chini ya picha, akainua uso akatazama. Nikaona midomo yake ile iliyopasuka ikianza kucheza.

"Mungu wangu," akasema. "Mungu wangu. Mlivaa nini?"

"Nini?"

"Nguo! Mlivaa nguo rangi gani?"

"Makoti ya mpira," nikasema mimi. "Rangi ya machungwa."

"Na mlikuwa na kitambaa? Bendera?"

"Turubai," Isaskar akasema. "Jekundu. Kubwa kama mlango huo."

Mzee akatoa sauti ambayo sikujua kama ni kicheko au kilio. "Mfuko wa koti langu. Lile pale kwenye msumari. Toa miwani."

Niliitoa. Miwani mikubwa ya rubani, vioo vyekundu kama kaa la moto.

"Ndiyo naivaa nikiwa juu. Naivaa nikipaa, naivua nikitua, ili nione kama filamu itakavyoona. Na kamera ina kioo hicho hicho mdomoni. Bahari inakuwa nyeusi, mchanga unawaka. Vaa, mama. Nitazame mimi."

Nikaivaa. Ukumbi mzima ukawa mwekundu, na yeye chini pale alikuwa mzee aliyejikalia sakafuni na shati safi. Damu haikuwepo. Si kifuani, si ndevuni, si sakafuni. Nikaivua: mtu aliyechinjwa nusu. Nikaivaa: shati limefuliwa. Nilifanya hivyo sijui mara ngapi, kama mwendawazimu. Mwenye macho haambiwi tazama, wanasema. Huyu alikuwa na macho, na alitazama, na alitazama kwa bidii kuliko mtu yeyote aliyewahi kuipita pwani ile.

Nitasema nilivyohisi. Nilihisi nimeibiwa. Nilikuwa na mtu mmoja wa kumchukia, alikuwa ananitosha asubuhi na jioni, na sasa hata huyo nanyang'anywa.

Isaskar akanivua miwani usoni akaivaa. Alimtazama Lossow, akaitazama mikono yake mwenyewe iliyolowa, akaigeuza geuza. Kisha akanigeukia mimi na akabaki hivyo.

"Shemeji. Nguo yako imekuwa nyeusi."

"Sare ya kiwanda hii. Ni ya buluu, hujui?"

"Ni nyeusi. Nyeusi kama lami. Ningekuona kutoka mwezini."

Na Lossow, nusu yuko nusu hayupo, akajibu kama fundi aliyeulizwa jambo la kazi yake. "Buluu ningeiona. Buluu juu ya mchanga, ningeiona kabla sijaifika meli."

Isaskar akavua miwani. Uso wake sikuutambua.

"Timo alitaka la buluu," akasema.

"La buluu lipi?"

"Tulikuwa na maturubai mawili, shemeji. La buluu lilikuwa kubwa, tulilalia. Ndege iliposikika, Timo akaanza kulivuta. Nikamwambia una wazimu, nani ataona buluu kando ya bahari? Hatari ni nyekundu, tumefundishwa nyekundu. Hakuliachia. Nikampiga ngumi ya mdomo, Magrieta. Ndipo akaliachia. Nikalisukumia chini ya chuma upepo usilichukue, nikatandaza jekundu." Alikuwa anasema bila kupumua. "Alisimama pale anapunga mikono, mdomo unatoka damu. Mdomo nilioupiga mimi."

"Buluu ningei..." Lossow akaanza tena.

"Nyamaza!" Nikampiga teke la ubavu. Teke langu ndilo lililokuwa la mwisho kwake siku ile, na ndilo pekee ninalojua sababu yake.

Isaskar alikuwa ameokota rungu. Nilidhani atajipiga kichwani. Lakini alikuwa anaitazama picha, kile kivuli kifupi kilichopiga magoti, na nikaelewa kwamba hawezi kuishi dunia moja na kivuli kile. Akainua.

Kiti kilikuwa karibu. Sikumbuki kukishika. Nakumbuka kilivyomkuta mkononi chini ya kiwiko, na mlio, mlio mkavu kama wa kuni, na rungu likibiringika sakafuni.

"Pale ndipo mume wangu alipo!" nilipiga kelele. "Sina kaburi! Sina hata kidole chake! Fisi wamekula kila kitu na wewe ukisikiliza! Ukikigusa kile kioo nakuua kwa mikono yangu!"

Akapiga magoti. Mkono ulining'inia vibaya. Akainamisha kichwa, akanipa shingo.

"Niue basi, shemeji. Ni haki yako. Kwa Timo."

Nikainua kiti. Naapa nilitaka. Nilikuwa na hasira ya kutosha kuvunja shingo kumi, na yule mtu alikuwa amempiga mume wangu mdomoni na kumnyima uhai wake kwa ubishi wa mdogo mtu anayejua yote. Lakini ndugu wale walifanana kwa nyuma, masikio yale yale, nywele zikiota chini ya kisogo vile vile. Nilikuwa nimemnyoa Timo nywele zile kila Jumamosi. Nikakitupa kiti ukutani, kikavunjika, na picha mbili zikaanguka.

"Nendeni," Lossow akasema toka sakafuni. "Mama wa funguo atarudi. Nitasema nimeanguka kwenye ngazi."

"Sema unavyotaka. Hatukukuomba."

"Najua."

Nikaishika ile picha kubwa nikaitoa kwenye misumari yake. Akafungua mdomo.

"Nini?" nikamuuliza. "Unataka kusema nini?"

"Shika chini," akasema. "Kioo ni kizito."

Tuliteremka kilima, upepo ukiikamata picha kama tanga na kunisukuma mpaka ukutani mwa watu. Isaskar hakuweza kunisaidia. Alitembea nyuma yangu ameubeba mkono wake kwa mkono mwingine. Watu walitoka milangoni na vijiko vyao, wakatutazama, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyeniuliza kitu.

Mama mkwe alisikia nyayo. "Mko wangapi?"

"Wawili, mama."

"Nasikia harufu ya damu. Amekufa?"

"Hajafa."

"Isaskar anapumua kama ameumia."

"Mkono umevunjika. Nimeuvunja mimi."

Nikaiegemeza picha mezani, nikauchukua mkono wa mama mkwe, nikauweka juu ya kioo. Nikamwambia ni ufuko ule, ni siku ile. Akauliza mwanawe yuko wapi, nikakipeleka kidole chake mpaka kwenye kivuli kirefu. Hakukiondoa. Alikisugua taratibu, juu na chini, kama anamfuta mtoto uso.

"Mtu yule aliwaona?"

"Hakuwaona, mama. Ni kweli hakuwaona. Alikuwa amevaa miwani inayokula rangi."

"Rangi gani?"

Isaskar alikuwa bado kizingitini. Aliinua uso akanitazama, na hakuniomba kitu. Angeyapokea yote, naliona hilo, angeyapokea hapo hapo mbele ya mama yake, kisha angetoka aende akaingie baharini na koti la baba yake. Nami nilikuwa nayo mdomoni tayari, maneno ya turubai la buluu. Yalikuwa na ladha tamu.

"Zote, mama," nikasema. "Inakula rangi zote. Wangetandaza chochote, asingeona."

"Ni kweli, Isaskar?"

"Ni kweli, mama."

"Basi njoo hapa nikufunge huo mkono kabla haujavimba. Magrieta, lete kitambaa."

Nikaleta kitambaa. Nikamwona shemeji yangu akilaza kichwa mapajani mwa mama yake, na yule mama akimshika kichwa kwa mkono mmoja, mwingine bado uko juu ya kioo. Sijamsamehe Isaskar, sikumsamehe siku ile na sijui kama nitamsamehe. Nikatoka nyuma ya nyumba, upepo ukinipiga mchanga machoni, nikaupiga ukuta wa choo kwa ngumi mpaka ngozi ikaachia, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine aliyebaki wa kumpiga.